Kingamwili ya PFKM kwenye nyama ya ng'ombe: bendi inasema nini, na haisemi nini

Msomaji anayesomea shahada ya uzamili katika sayansi ya nyama ameuliza hivi: "Shikamoo Daktari. Nafanya utafiti wa nyama ya zebu wanaosafirishwa kwa malori kutoka Kanda ya Ziwa hadi mnada wa Pugu. Nataka kupima kimeng'enya cha PFKM (fosfofruktokinase ya msuli) kwenye misuli, kuanzia saa chache hadi siku kadhaa baada ya kuchinja. Kingamwili niliyoiona kwenye katalogi ina picha ya bendi moja safi ya kilodaltoni 85 (kipimo cha ukubwa wa protini), na imeandikwa inafaa kwa binadamu na panya wa maabara. Maabara jirani walinigawia kidogo nijaribu. Msuli umetoa bendi, lakini hata ini limetoa bendi palepale. Je, kingamwili hii ni mbovu? Na bendi ikipungua siku ya tatu, naweza kuandika kwamba glikolisisi imepungua?"

Marahaba. Nianze na swali la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua ununue nini. Hapana, huwezi kuandika hivyo. Bendi, ule mstari unaotokea kwenye utando pale kingamwili iliposhika protini, inakuonyesha protini iliyopo kwenye sampuli ni kiasi gani, basi. Kama protini hiyo inafanya kazi au imelala, bendi haijui. Kuhesabu daladala zilizopaki stendi hakukuambii ngapi ziko barabarani na abiria. Na kwa PFKM pengo kati ya kuwepo na kufanya kazi ni kubwa kuliko kwa vimeng'enya vingi vya glikolisisi, njia ya kuvunja sukari. Kuhusu swali la kwanza, bendi ya ini peke yake haitoshi kusema kingamwili ni mbovu, wala bendi ya msuli haitoshi kusema ni nzuri. Nitakueleza kwa nini, na ufanye nini kwa vitu unavyovipata machinjioni bila gharama kubwa.

Fosfofruktokinase (PFK), familia ambayo PFKM ni mmoja wake, hupachika fosfati ya pili kwenye fruktosi-6-fosfati kwa kutumia ATP moja, sarafu ya nishati ya seli, ikapatikana fruktosi-1,6-bisfosfati. Sukari ikishavuka hapo hairudi nyuma kirahisi, ndiyo maana hatua hii inadhibitiwa kwa ukali. ATP ikizidi humzuia kimeng'enya huyu, sitrati nayo humzuia, asidi ikipanda vilevile. AMP na ADP, mabaki ya ATP iliyotumika, pamoja na fruktosi-2,6-bisfosfati humwamsha. Haya yote hutokea bila molekuli hata moja kuongezeka wala kupungua. Mtu aliyekuwa amekaa akiondoka mbio za mita 100, glikolisisi ya mapaja yake hupanda mara nyingi ndani ya sekunde, na ukichukua kipande cha msuli kabla na baada, westani bloti zake mbili (kipimo cha kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili) zitafanana.

Sasa tuje kwa ng'ombe wako. Damu ikishakoma na oksijeni kwisha, msuli huendelea kuvunja glikojeni, akiba yake ya sukari, hadi laktati kwa saa nyingi, na pH hushuka kutoka karibu 7.0 hadi 5.5 hivi ndani ya siku moja. Ikikaribia 5.5, PFK hushindwa kabla ya wenzake. Kimeng'enya hiki hufanya kazi kikiwa na minyororo minne iliyoshikana. Kwenye asidi minyororo hiyo huachana ikawa miwilimiwili, na jozi hizo hazina kazi. Wakati huohuo AMP, ambayo ingeweza kukiamsha, inageuzwa kuwa IMP. Ndiyo maana glikolisisi inaweza kusimama hata glikojeni ikiwa imebaki. Pakia sampuli hiyo kwenye jeli ya SDS uone: SDS hufumua kila kitu hadi mnyororo mmojammoja, kwa hiyo minne iliyokuwa hai na miwili iliyokuwa imekufa yote inashuka hadi kilodaltoni 85 na kukaa kwenye mstari mmoja.

Kuna na jambo la safari. Mnyama aliyechoka, aliyesimama kwenye lori bila malisho, hufika machinjioni glikojeni yake ikiwa imepungua. Laktati haipatikani ya kutosha, pH hubaki juu ya 6.0, na nyama hutoka nyeusi, ngumu na kavu. Kwa mnyama huyo PFKM inaweza kuwepo kamili, tena katika pH ambayo bado inairuhusu kufanya kazi. Kilichokosekana ni glikojeni. Ukipima PFKM pekee unaweza kukosa kabisa sababu ya tofauti unayoitafuta. Kwa kila sampuli ya bloti, pima pia pH, glikojeni na laktati kutoka kipande kilekile. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, mimi ningeacha bloti kabla ya kuacha glikojeni.

Tugeukie kingamwili yenyewe. Mamalia wana jeni tatu za kimeng'enya hiki: PFKM ya msuli, PFKL ya ini, na PFKP ambayo jina lake limetokana na chembe sahani za damu na iko pia kwenye ubongo. Protini zake zinafanana kwa takriban asilimia 70 ya asidi amino. Kwa binadamu PFKM ina asidi amino 780, PFKL 780, PFKP 784. Ona hapo: zote tatu zinakimbia karibu kilodaltoni 85. Jeli ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo ile picha ya bendi moja safi isikushawishi hata kidogo, kwa sababu kingamwili inayoshika zote tatu bila kubagua nayo ingetoa bendi moja safi, mahali palepale. Usafi wa bendi unakuambia kwamba hakuna protini ya ukubwa mwingine iliyoshikwa. Ni ndugu yupi wa familia aliyeshikwa, hapo picha imenyamaza.

Bendi yako ya ini basi ina maelezo zaidi ya moja. La kwanza, ambalo wengi hulikimbilia, ni kwamba kingamwili inashika PFKL. Inawezekana sana. La pili, kwamba kuna PFKM halisi kwenye ini ulilolichukua. Ini limejaa damu na mishipa yenye misuli laini, na chembe nyekundu, walau za binadamu, zina mchanganyiko wa M na L. Kabla ya kuihukumu kingamwili, kata ini vipande vidogo, lioshe kwa maji ya chumvi baridi hadi maji yatoke meupe, ndipo ulisage. Bendi ikififia sana, sehemu yake ilitoka kwenye damu. La tatu ni kingamwili ya pili, ile yenye alama inayoshika ya kwanza ili bendi ionekane, kushika kitu bila kuongozwa na ya kwanza. Hilo utalijua kwa utando mmoja tu ulioruka hatua ya kingamwili ya kwanza. Ukiona bendi hapo, zungumza kwanza na kingamwili yako ya pili.

Hata hivyo, kwa swali lako wewe, kuchanganya M na L si msiba mkubwa kama ungekuwa unapima ini au uvimbe wa saratani. Msuli wa mifupa uliokomaa hutumia karibu M tupu. Kinachoshikwa kwenye kipande cha mgongo, ukiwa umekisafisha mafuta na utando mweupe, karibu chote kitakuwa PFKM hata kama kingamwili ina uwezo wa kushika L. Lakini tasnifu yako itasema "PFKM", na mtahini ana haki ya kuuliza umejuaje. Uwe na jibu.

Njia yenye nguvu zaidi ni kumwonyesha kingamwili sampuli isiyo na kitu kinachotafutwa. Kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa uhakiki wa kingamwili kilichapisha mwaka 2016 nguzo tano za kazi hii, na ya kwanza ni ya kijenetiki: zima au ondoa jeni, bendi ipotee. Huwezi kumzimia ng'ombe jeni, lakini unaweza kutumia seli za msuli wa panya za C2C12. Zikiwa bado changa PFKM yake ni kidogo. Ukiziacha zikomae kuwa nyuzi hupanda. Zipe RNA ndogo ya kunyamazisha Pfkm, na bendi ishuke. Njia nyepesi zaidi, na ndiyo ningekushauri uanze nayo, ni kupata protini tatu za PFKM, PFKL na PFKP zilizotengenezwa maabara, au seli zilizolazimishwa kuzitengeneza, na kuzipakia kwenye jeli moja kwa kiasi sawa. Kingamwili nzuri itawaka kwenye M na kunyamaza kwenye L na P. Ikiwaka kwenye zote tatu, umejua, na unaweza kuiita kwa jina lake la kweli: kingamwili ya PFK kwa jumla.

Usidanganywe na jaribio la kuziba kwa peptidi, ambalo bado linaonyeshwa kama uthibitisho. Unachanganya kingamwili na kile kipande ilichotengenezewa, bendi inapotea, watu wanashangilia. Lakini kama kingamwili ilikuwa inashika protini nyingine kupitia mahali palepale, nayo itapotea vilevile. Jaribio hilo linaonyesha kwamba kingamwili inaipenda peptidi yake, jambo ambalo tulilijua tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umuulize kingamwili ilitengenezwa dhidi ya kipande gani hasa, kuanzia asidi amino ya ngapi hadi ya ngapi. Kisha nenda UniProt, hifadhidata ya protini mtandaoni, chukua mfuatano wa PFKM ya binadamu, P08237, uulinganishe na PFKL, P17858, na PFKP, Q01813, halafu na PFKM ya ng'ombe. Kazi hii ni ya nusu saa na ni bure. Unatafuta kipande ambacho kinafanana kabisa kati ya binadamu na ng'ombe lakini kinatofautiana kati ya M na wenzake. PFKM ya ng'ombe na ya binadamu zinafanana kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo uwezekano ni mzuri hata kama katalogi haimtaji ng'ombe. Tofauti kati ya M, L na P huonekana zaidi kwenye ncha ya C, ile ya mwisho. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya protini nzima, hasa ya poliklono (mchanganyiko wa kingamwili nyingi), iangalie kwa tahadhari zaidi, kwa sababu ndani yake kuna nyingine nyingi zilizoshika sehemu ambazo familia nzima inazishiriki.

Ila ncha ya C ina hatari yake. Mbwa wa aina ya English springer spaniel hupata upungufu wa PFKM kutokana na badiliko moja la jeni linalokata asidi amino 40 za mwisho. Protini iliyokatwa hivyo, hata ingebaki kiasi gani, kingamwili ya ncha ya C isingeiona. Wewe hushughuliki na mbwa, lakini nyama inayokaa inaliwa na kalpeini na vimeng'enya vingine vinavyokata protini. Kama kisu kimepita karibu na pale kingamwili inaposhika, siku ya tatu bendi itatoweka huku sehemu kubwa ya molekuli ikiwa bado ipo. Ndiyo sababu ningependa uwe na kingamwili mbili, moja ya ncha ya C na nyingine ya upande wa mwanzo au katikati. Zikishuka pamoja, unaweza kusema protini imepungua. Ikishuka moja tu, tazama chini ya kilodaltoni 85 utafute kipande kilichokatika, na kwa hiyo usikate utando juu na chini ya bendi unayoitarajia.

Ukiweza kuchagua, chukua rikombinanti. Georges Köhler na César Milstein walipobuni njia ya monoklono, kingamwili za aina moja kutoka ukoo mmoja wa seli, mwaka 1975, ilikuwa hatua kubwa, lakini seli zile zinaweza kubadilika au kufa. Rikombinanti hutengenezwa kutokana na mfuatano wa jeni unaojulikana, kwa hiyo chupa ya mwaka huu na ya miaka mitano ijayo ni kitu kimoja. Utafiti uliotolewa 2023, uliojaribu kingamwili 614 za protini 65 kwa kutumia seli zilizoondolewa jeni, ulikuta kwamba rikombinanti kwa wastani zilifanya vizuri kuliko monoklono za kawaida na poliklono. Kwa mwanafunzi ambaye chupa inaweza kumwishia katikati ya tasnifu, hilo ni jambo la kuzingatia.

Kingamwili ya kwanza iwe ya sungura au ya panya, si ya mbuzi. Hapa watu wanaofanya kazi na ng'ombe huumia bila kujua. Kingamwili za damu ya ng'ombe na za mbuzi zinafanana sana. Ukitumia ya kwanza ya mbuzi, utahitaji ya pili inayoshika mbuzi, na hiyo itashika pia kingamwili za ng'ombe zilizomo ndani ya nyama yako: mnyororo mzito karibu kilodaltoni 50 na mwepesi karibu 25. Kisha unaziba utando kwa maziwa ya unga, ambayo nayo ni ya ng'ombe na yana kingamwili zake, na utando wote unawaka. Kwa ya sungura, tumia ya pili ya kushika sungura iliyochujwa dhidi ya ng'ombe, na maziwa hayatakusumbua.

Sasa uchimbaji wa protini, na hapa nakuomba usome taratibu. Wengi husaga msuli kwenye bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) laini isiyo na SDS, wanazungusha kwenye sentrifyuji, wanachukua maji ya juu na kutupa mashapo. Kwa msuli hai, sawa. Kwa msuli uliochinjwa, pH ikishuka nyama ikiwa bado ya moto, baadhi ya protini za glikolisisi hubadilika umbo na kugandamana na nyuzi za msuli. Hazijaoza wala kukatwa. Zimehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye mashapo uliyoyatupa. Bendi ya siku ya tatu itakuwa ndogo na utaandika kwamba PFKM imevunjika. Fanya hivi: gandisha kipande kwenye naitrojeni ya kimiminika palepale machinjioni, saga kikiwa kimeganda, gawa unga mara mbili. Nusu moja ichemshe moja kwa moja kwenye bafa yenye SDS na DTT (kinachovunja vifungo vya salfa), nyuzi 95 kwa dakika 5, upate protini yote. Nusu nyingine ichimbe kwa bafa laini, na uweke maji ya juu na mashapo yote mawili kwenye jeli. Kwa mtafiti wa nyama, matokeo ya kuvutia zaidi yanaweza kutoka hapo, kwenye kuhama huko, kuliko kwenye kiasi cha jumla.

Kuhusu kupakia, PFKM ni nyingi msulini. Anza na mfululizo wa sampuli ya mchanganyiko: mikrogramu 2.5, 5, 10 na 20. Kama bendi ya 20 haina nguvu maradufu ya ile ya 10, umeshapita mahali ambapo kipimo kinasema kweli, rudi chini. Na tafadhali usitumie GAPDH kama kigezo cha upakiaji, yaani protini ya kulinganishia kiasi ulichopakia. Nayo ni kimeng'enya cha glikolisisi, imejaa msulini hadi bendi yake hushiba, na inaweza kuathiriwa na mabadiliko yaleyale unayoyachunguza. Aktini ya beta nayo ni ndogo kwenye msuli uliokomaa, ambako aktini ya alfa ndiyo iliyotawala. Paka utando rangi ya Ponceau S, inayoonyesha protini zote, piga picha ya njia nzima, na utumie protini yote kama kigezo.

Ukitaka kusema lolote kuhusu kazi ya kimeng'enya, pima kazi. Kipimo cha PFK ni cha zamani na hakihitaji mashine ya ajabu: fruktosi-1,6-bisfosfati inayotoka hupelekwa kwa aldolase, isomerasi ya triosefosfati na dehidrojenase ya gliserol-3-fosfati, na unatazama NADH ikipungua kwenye nanomita 340. Kumbuka kwamba kila molekuli moja ya bisfosfati hutumia NADH mbili, la sivyo majibu yako yatakuwa maradufu. Ukipima kwenye pH 8 unaona uwezo wote, maana kizuizi cha ATP hulegea huko. Ukipima kwenye pH ya nyama ya saa ile unaona karibu na kilichokuwa kikitokea kweli. Fanya zote mbili. Chimba kwenye bafa ya pH karibu 8 yenye DTT, kwa sababu PFK ya msuli hupoteza nguvu ikikutana na baridi na asidi kwa pamoja, na sampuli ya siku ya tatu inakuja na asidi yake yenyewe.

Inafaa kujua kwamba upande wa tiba umeshapita njia hii. Seiichiro Tarui na wenzake huko Osaka walieleza mwaka 1965 ndugu watatu ambao hawakuweza kuhimili mazoezi, na kimeng'enya hiki karibu hakikuwa na kazi yoyote kwenye misuli yao. Kwenye chembe nyekundu za wagonjwa wa aina hii hubaki takriban nusu ya kazi, kwa kuwa L haijaguswa. Walioliona hilo walianza kwa kupima kazi. Kingamwili ilikuja kusaidia kujibu kama protini haipo kabisa au ipo na haifanyi kitu. Mpangilio huo ndio ninaokushauri.

Ukinunua, igawe chupa kwenye vimirija vidogo siku inapofika, kabla umeme haujakatika na kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara. Ile yenye gliserini nusu kwa nusu hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuganda. Andika namba ya katalogi, namba ya toleo na RRID (namba ya kimataifa ya kuitambulisha kingamwili) kwenye daftari na kwenye tasnifu. Kisha nitumie picha mbili: utando mzima wa msuli, ini lililooshwa na protini tatu, na picha ya Ponceau yake. Tukiziona hizo ndipo tuamue kama utahitaji kingamwili nyingine ya PFKM inayoshika ncha nyingine, au fedha hizo ziende kwenye glikojeni.